Piaget, Vygotsky, Bowlby, Erikson au Baltes: nadharia ipi ya makuzi ikufae kwa swali ulilo nalo

Mwanafunzi wa ualimu akiulizwa kuhusu nadharia za makuzi ya binadamu, mara nyingi huzitaja bila kukwama: Piaget hatua nne, Erikson hatua nane, Kohlberg ngazi tatu zenye hatua sita. Mwulize sasa ni ipi itakayomsaidia kwa mtoto wa darasa la pili anayeshindwa kutoa kwa kukopa, na hapo ndipo anapoanza kusitasita. Kumbukumbu yake haina kasoro. Amefundishwa nadharia hizi kana kwamba zote zinajibu swali moja na zinashindania kiti kimoja, wakati kila moja ilitokana na swali lake, iliwatazama watu wake, na inaona vizuri kipande kimoja tu cha maisha.

Kwa hiyo hapa nimezilinganisha kwa kufuata maswali ambayo mwalimu, mzazi, ofisa ustawi wa jamii au mtu anayetunza wazee hukutana nayo kazini. Baadhi nimezikalia kwa muda, nyingine nimezipitia tu. Freud, kwa mfano, nimemwacha kando: hatua zake za utotoni ni muhimu kwa historia ya fani, lakini sijaona mwalimu wala mlezi anayeweza kuzifanyia kazi leo.

Unafundisha: Piaget au Vygotsky?

Wote wawili walizaliwa mwaka 1896, Jean Piaget huko Neuchâtel, Uswisi, na Lev Vygotsky huko Orsha, katika nchi ambayo leo ni Belarus. Piaget aliishi hadi 1980 na aliandika kwa zaidi ya nusu karne. Vygotsky aliuawa na kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37, na wasomaji wengi wa nchi za Magharibi walianza kumfahamu baada ya kazi yake kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1962. Tofauti hiyo inaeleza kwa nini Piaget amejaa kwenye vitabu vya vyuo huku Vygotsky akipewa kurasa chache.

Piaget alianza kwa kutazama makosa. Akiwa kijana mjini Paris alipewa kazi ya kuwapima watoto kwa mitihani ya akili, akagundua kwamba watoto wa umri mmoja walikosea kwa namna inayofanana. Akaona kuwa kosa la mtoto lina mantiki yake. Jaribio lake la maji unaweza kulifanya nyumbani leo. Chukua bilauri mbili zinazolingana, zijaze maji sawasawa mbele ya mtoto wa miaka 4 au 5, kisha mwulize kama maji yako sawa. Atakubali. Sasa mimina maji ya bilauri moja kwenye chombo chembamba na kirefu, akiwa anaangalia, kisha umwulize tena. Watoto wengi wa umri huo watakuambia kwamba ya kwenye chombo kirefu ni mengi zaidi, na watasema bila wasiwasi wowote. Yarudishe yalikotoka: yamekuwa sawa. Yamimine tena: yamezidi. Mtoto wa miaka 8 atashangaa kwa nini unauliza jambo kama hilo.

Mtoto mdogo ameshikwa na kimo cha maji. Hawezi bado kuurudisha nyuma ule umiminaji kichwani mwake, wala kuona kwamba kilichoongezeka kwa urefu kimepungua kwa upana. Mwalimu wa darasa la kwanza hukutana na jambo hilohilo anapovitandaza vizibo saba vya soda mezani: kuna watoto watakaosema vimeongezeka, kwa sababu tu vimechukua nafasi kubwa. Kuwaandikia namba 7 ubaoni mara nyingi hakutawasaidia. Wanahitaji kuvisogeza kwa mikono yao, kuvikusanya na kuvitandaza, mpaka wingi utengane na nafasi.

Kutokana na uchunguzi wa namna hii Piaget alipanga hatua nne: tangu kuzaliwa hadi miaka 2 mtoto anaijua dunia kwa hisi na matendo, miaka 2 hadi 7 anatumia alama na lugha lakini bado anatawaliwa na anachokiona, miaka 7 hadi 11 hivi anafikiri kimantiki kuhusu vitu halisi, na kuanzia hapo anaweza kufikiri kuhusu mambo ya kudhania.

Udhaifu wake ni namna alivyouliza. Katika miaka ya 1960 Patricia Greenfield alilifanya jaribio la maji nchini Senegali kwa watoto wa Kiwolofu, wakiwemo wasiosoma shule. Mtafiti alipomimina mwenyewe, wapo waliodhani maji yamebadilika kwa sababu yule mtu mzima ameyafanya yabadilike. Watoto walipomimina wenyewe, wengi zaidi walisema maji ni yaleyale. Jibu lilitegemea nani ameshika chombo. Piaget mwenyewe alikiri mwaka 1972 kwamba kufikiri kwa hatua ya nne huenda kunategemea fani ambayo mtu ameizoea. Fundi wa magari anaweza kuikokotoa hitilafu ya injini kwa mantiki ya hali ya juu, kisha akakwama kwenye fumbo la darasani.

Vygotsky aliuliza swali jingine kabisa. Hakuridhika kujua mtoto anaweza nini peke yake. Alitaka kujua anaweza nini akisaidiwa. Alieleza mfano wa watoto wawili ambao kwa mtihani wa kawaida wako kiwango cha miaka 8. Wakipewa maswali ya kuwaongoza, mmoja anafika kiwango cha miaka 9 na mwingine 12. Karatasi ya mtihani ingewapa alama moja, lakini si watoto walio mahali pamoja. Nafasi iliyopo kati ya uwezo wa peke yake na uwezo wa kusaidiwa ndiyo anayotaka mwalimu aifanyie kazi.

Tazama inavyokuwa kwenye genge la mboga. Nyanya ni shilingi 700, mteja ametoa noti ya 1,000, na dada wa darasa la tano anamfundisha mdogo wake kurudisha chenji. Siku ya kwanza anahesabu yeye kwa sauti huku akiweka sarafu moja moja kwenye kiganja cha mdogo wake: "Mia saba, hii mia nane, hii mia tisa, hii elfu." Baadaye anasema "mia saba" peke yake, ananyamaza, na mtoto anaendelea. Mwisho dada anasimama pembeni tu, naye mdogo anahesabu kwa midomo isiyotoa sauti. Hapo umeona mambo mawili ambayo Vygotsky aliyasisitiza: msaada unaopunguzwa kidogo kidogo, na maneno ya mkubwa yanayogeuka kuwa mawazo ya mdogo. (Tamathali ya kuufananisha msaada huo na jukwaa la fundi ujenzi, ambayo wengi hudhani ni ya Vygotsky, ililetwa na Wood, Bruner na Ross mwaka 1976.)

Ukitaka kuelewa kwa nini mtoto amekosea, mchukue Piaget. Ukitaka kujua ufanye nini kesho asubuhi darasani, mchukue Vygotsky. Mimi ningeanza na Vygotsky, hasa kwa darasa lenye watoto wengi kuliko mwalimu anavyoweza kuwafikia, kwa sababu anampa mwalimu ruhusa ya kuwatumia wanafunzi wenyewe: aliyepata jana amsaidie anayehangaika leo. Lakini asitumike bila jicho la Piaget. Asiyejua mtoto anaona nini kwenye vile vizibo saba ataishia kumtajia jibu na kuliita msaada.

Unalea mtoto wa chini ya miaka mitatu: Bowlby na Ainsworth

Hapa hakuna ushindani mkubwa. Kwa miaka hii ya mwanzo sioni nadharia yenye manufaa zaidi ya ile ya mfungamano wa mtoto na mlezi, na nashangaa kwamba wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hawajui kwamba sehemu ya uchunguzi wake wa mwanzo ilifanyika Uganda.

John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti mwaka 1951 kuhusu watoto walioachwa bila makazi baada ya vita. Alipinga dhana iliyokuwepo kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu mama ndiye chakula. Kwa maoni yake, mtoto huzaliwa na msukumo wa kukaa karibu na anayemlinda, na kulia, kushikilia na kutambaa kumfuata mtu ni vifaa vya kazi hiyo.

Mary Ainsworth, aliyewahi kufanya kazi naye London, alihamia Kampala mwaka 1954 mumewe alipopata nafasi ya utafiti Makerere. Akaanza kuzitembelea familia 26 za vijiji vya karibu zilizokuwa na watoto wachanga 28, akikaa sebuleni na akina mama, akiuliza na kuandika. Aliona mtoto anatambaa kumwacha mama, anafika mbali kidogo, anageuka kumwangalia, anaendelea, kisha mgeni akiingia anarudi mbio. Mama alikuwa kituo ambacho mtoto hutoka kwenda kuchunguza na hurudi akiogopa. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka mwaka 1967. Lile jaribio lake maarufu la chumba, ambamo mama hutoka kwa muda mfupi na kurudi, alilibuni baadaye huko Baltimore, Marekani. Kinachoangaliwa zaidi ni jinsi mtoto anavyompokea mama anaporejea. Kulia kwake peke yake hakutoshi kusema lolote.

Nadharia hii inasaidia pale ambapo uamuzi unagusa nani atakaa na mtoto: mtoto wa mwaka mmoja kupelekwa kwa ndugu, mtoto kulazwa hospitali, makao ya watoto ambako walezi hubadilika kila zamu. Inakulazimisha uulize nani ataendelea kuwepo.

Ila usiisome kwa ufinyu. Maandishi ya mwanzo ya Bowlby yalimweka mbele mama mmoja, na wapo waliochukua hilo kuwahukumu akina mama wanaofanya kazi nje ya nyumba. Kwenye nyumba zetu mtoto hubebwa na bibi, shangazi, dada zake, wakati mwingine dada wa kazi. Hata miongoni mwa watoto wa Ainsworth nchini Uganda wapo waliolelewa na zaidi ya mtu mmoja, na wakawa na mfungamano na walezi hao. Mtoto anahitaji wachache wanaodumu na wanaomwitikia, na mmoja wao kuwa bibi hakumpunguzii kitu. Hatari inaanza pale wanapokuwa wengi na hakuna anayekaa. Lile jaribio la chumba nalo lina mipaka: watafiti wa Sapporo, Japani, waliona watoto wakichanganyikiwa kupita kiasi kwa kuwa hawakuwa wamezoea kabisa kuachwa peke yao.

Majedwali ya umri

Kabla ya kwenda kwa watu wazima, kuna kosa moja ambalo huumiza wazazi wengi: kuchukua umri ulioandikwa kitabuni na kumpimia mtoto. Katika miaka ya 1970 Charles Super na Sara Harkness waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis kwenye nyanda za juu za Kenya. Super aliona watoto wa pale wakikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani. Wengine wangesema ni maumbile. Yeye aliangalia kinachofanyika nyumbani: mama huchimba kishimo kidogo ardhini, humkalisha mtoto humo, humzungushia blanketi aegemee, kutembea nako hufundishwa kwa makusudi. Kwenye mambo ambayo hayafundishwi, kama kutambaa, watoto walewale hawakuwa mbele.

Hiyo haina maana kwamba umri ni upuuzi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa vipimo vyake vya mwaka 2006, kutokana na watoto wa Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani, halikutoa mwezi mmoja wa kutembea; lilitoa nafasi pana, kuanzia karibu miezi 8 hadi 17 na nusu. Kukaa bila kushikwa ni karibu miezi 4 hadi 9. Mtoto aliye ndani ya nafasi hiyo mwache. Aliyeivuka apelekwe kliniki, na asiambiwe mama yake kwamba kila mtoto ana wakati wake.

Kohlberg, aliyechunguza jinsi watu wanavyofikiri kuhusu lililo sawa na lisilo sawa, namtaja kwa ufupi. Utafiti wake wa 1958 ulikuwa wa wavulana 72 wa eneo la Chicago, na kisa chake cha mume anayewaza kuiba dawa ya kumwokoa mkewe ni kizuri mno kwa kuanzisha mjadala wa kidato cha tatu. Lakini ngazi zake za juu zinampa alama anayetaja kanuni za jumla na kumshusha anayetaja wajibu kwa ndugu na jamaa, na Carol Gilligan alimkosoa mwaka 1982 kwa kuusahau uadilifu wa kujali wengine. Usikitumie kupimia tabia ya mtu.

Swali lako ni la mtu mzima: Erikson au Baltes?

Piaget alisimama kwenye ujana. Erik Erikson, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1902, akafundwa Vienna na Anna Freud na kuhamia Marekani mwaka 1933, aliendelea mpaka uzeeni. Mwaka 1950 alichapisha hatua nane, kila moja ikiwa na mvutano wake: imani na shaka kwa mtoto mchanga, bidii na kujiona duni kwa mtoto wa shule ya msingi, utambulisho na kuchanganyikiwa kwa kijana, na hatimaye kuridhika na kukata tamaa kwa mzee. Kwa mshauri nasaha hii ni hazina. Kijana aliyemaliza chuo na hajui awe nani, au baba wa miaka 50 anayejiuliza amemwachia nani nini, atajiona humo mara moja.

Mpangilio wake ndio unaonisumbua. Erikson anamweka kijana kwanza ajitambue, halafu apende, halafu awalee wengine. Kijana wa miaka 17 aliyefiwa na wazazi na kuachiwa wadogo zake watatu ameanza kulea kabla hajapewa nafasi ya kujiuliza yeye ni nani. Ukimsoma kwa hatua tu utasema amechanganya mambo. Ukweli ni kwamba maisha yamempangia tofauti, na huenda utambulisho wake umejengwa hukohuko kwenye ulezi. Hatua zenyewe ni ngumu kuzithibitisha kwa vipimo. Nzuri ni kwamba hazikufungwa: mkewe Joan, akiwa amepita miaka 90, aliongeza ya tisa katika toleo la 1997, kwa ajili ya uzee uliokithiri ambao walipokuwa vijana hawakuujua.

Paul Baltes, Mjerumani aliyefanya kazi Berlin na kufariki mwaka 2006, aliachana na hatua kabisa. Kwake makuzi hayana mwisho, na katika kila umri mtu anapata na anapoteza kwa pamoja. Kinachobadilika ni uwiano. Pamoja na mkewe Margret alieleza namna watu wanavyozeeka vizuri: wanachagua machache, wanayakazania hayo, na wanafidia kilichopungua. Mfano wake ulikuwa mpiga piano Arthur Rubinstein, ambaye uzeeni alipunguza idadi ya vipande anavyopiga, akavifanyia mazoezi zaidi, na akapunguza kasi kabla ya sehemu za haraka ili zisikike za haraka kuliko zilivyo.

Mchukue sasa fundi cherehani wa miaka 68 ambaye macho yamepungua. Watoto wake wanataka aache kazi. Baltes angekufanya uulize: nguo zipi aziache? Suti na magauni ya harusi, pengine, na abaki na sare za shule anazozijua kwa mkono. Kukata kitambaa kufanyike asubuhi mlangoni, kwenye mwanga. Uzi utungwe na mjukuu. Mzee anaendelea kuwa fundi. Ukiniuliza mimi, kwa anayemtunza mzee ningemchagua Baltes kabla ya Erikson, kwa kuwa Erikson anakueleza mzee anahisi nini, na Baltes anakupa cha kufanya Jumatatu.

Unashughulika na familia nzima

Urie Bronfenbrenner alizaliwa Moscow mwaka 1917, akapelekwa Marekani akiwa mdogo, na mwaka 1979 alichapisha nadharia ya mazingira yanayomzunguka mtoto kwa miduara: nyumba na shule, uhusiano kati ya hizo mbili, kazi ya mzazi ambayo mtoto hajawahi kuiona, hadi sera na desturi za nchi. Kwa ofisa ustawi wa jamii ni nadharia ya lazima. Inachokosa ni kipaumbele: kila kitu kina uzito, kwa hiyo haikuambii uanzie wapi.

Ningependa asomwe pamoja na Bame Nsamenang wa Kameruni, ambaye mwaka 1992 aliyaeleza makuzi kama kukua katika majukumu ndani ya ukoo, tangu kupewa jina hadi uzee. Robert Serpell naye aliwauliza watu wazima wa kijiji nchini Zambia wangemtuma mtoto yupi kazi yenye kuhitaji akili na uaminifu, akakuta kwamba waliowachagua si lazima wawe ndio waliofanya vizuri shuleni. Hakuna hatua ya Piaget inayopima hilo.

Sasa chukua mvulana wa miaka 10, darasa la nne, aliyeanza kutoroka shule muhula huu. Kwa Piaget utakagua kama hesabu za sehemu zimemzidi kwa sababu zimefundishwa bila vitu vya kushika. Kwa Vygotsky utatafuta nani alikuwa anamsaidia na sasa hayupo. Kwa Bowlby utauliza nani ameondoka nyumbani. Erikson atakuelekeza kwenye aibu: je, majina ya walioshindwa husomwa mbele ya wenzake? Bronfenbrenner atakupeleka kwenye kazi ya mama, ambayo huenda imehamia zamu ya alfajiri. Mimi ningeanza na maswali ya Vygotsky na Bowlby kwa pamoja, maana yote mawili yanauliza kuhusu mtu fulani, na jibu lake unaweza kulipata kwa ziara moja nyumbani: kabla ya muhula huu, nani alikuwa anamwamsha, na nani alikuwa anakaa naye jioni akifungua daftari?